Kiti Hakina Kosa, Mchanga Ndio Mlaini

Mwanangu Rukia,

Usiitie barua hii mkobani ukasema utaisoma njiani. Nakuwekea juu ya mto wako, na nataka uisome leo, ukirudi kutoka kwa shangazi yako, hata kama umeshiba mahamri mpaka macho yanafumba yenyewe. Ndani yake mna jambo la kesho asubuhi. Jambo hilo siwezi kukwambia kwa mdomo, maana nitalia, na nikilia utaniambia "mama nawe", tugombane bure na saa zenyewe zimebaki chache.

Mambo ya kula, kulala, kujifunika baridi ya Kitale na kutoongea na kila mtu ndani ya basi, hayo babako ameshakusomea tangu adhuhuri kama khatibu aliyesahau kwamba watu wana njaa. Siyarudii. Mimi nataka kusema nawe juu ya kazi, kwa sababu kazi unayoiendea ndiyo kazi yangu, na nilikuomba usiisomee ukaisomea. Nilikwambia soma ualimu, soma uuguzi, soma hata upishi ufungue mgahawa Kikambala uwauzie wageni wa mahoteli biriani kwa bei unayoitaka mwenyewe. Ukanijibu, "Mama, ununuzi ni kazi safi, ni ofisini." Leo nimerudi kutoka Kilifi, kwenye kazi yangu safi, nikavua viatu mlangoni nikavitupa, nawe ulikuwa ukipanga nguo ukaniuliza kulikoni. Nikasema ni jua. Halikuwa jua.

Ni vile viti. Unavijua, lakini unavijua kama jambo la nyumbani, na nusu yake hukuambiwa.

Mwaka juzi idara yetu ilipata fungu la kununua viti vya magurudumu vya kuwapa wazee na watu wasioweza kutembea, kuanzia Marereni kwenye chumvi mpaka huku kwetu mjini na kule bara ya Jilore. Sheria inasema watakaokitumia kitu washirikishwe kabla hakijanunuliwa. Wewe umetoka kuisoma chuoni, kwa hiyo unaijua kuliko mimi. Nami ni mtu wa sheria, nikawashirikisha. Nilipata ukumbi hapa Malindi, nikaagiza soda na keki, watu wakaletwa, wengine wamebebwa mgongoni na watoto wao. Nikasimama mbele na karatasi yenye picha ya kiti. Picha yenyewe ndogo, hata mimi niliyeishika nilikuwa nikiikodolea macho. Nikaiinua nikasema, "Haya wazee wangu, mama zangu, kiti chenyewe ndicho hiki. Mwaonaje?"

Kisha mzee mmoja wa Jilore akasema, "Mama, chochote mtakacholeta, sisi kwetu ni kushukuru tu." Ukumbi mzima ukaitikia. Mwingine akaomba dua, akaniombea mimi na watoto wangu, nawe ulikuwamo katika dua hiyo. Soda zikanywewa, watu wakabebwa tena mgongoni wakarudi makwao. Nikaenda ofisini nikaandika kwamba watumiaji wameshirikishwa na wameridhika. Sikuandika uongo, Rukia, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtu yeyote aliyekuwa ukumbini angeapa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Wewe umelelewa nyumba hii, hebu niambie. Ukikaribishwa kwa watu ukapewa wali ulioungua, unasema nini? Unasema mtamu, na unaomba mchuzi zaidi ili ukoko ushuke. Ukitunzwa leso ya rangi usiyoipenda, unaijifunga papo hapo mbele ya aliyekupa. Nilikufinya paja siku ile kwa mjombako uliposema chai haina sukari, ukalia, nikakufinya tena kwa kulia. Nilikufinya kwa sababu nami nilifinywa na mama, na mama alifinywa na mamake. Halafu mimi huyu, mtoto wa wafinyaji, nikaenda kusimama mbele ya watu waliofinywa vilevile, gari la serikali liko nje, soda ni zangu, nikauliza mwaonaje nikitaraji waniambie kwamba ninachowaletea hakifai. Akili yangu ilikuwa wapi? Na kweli nilikuwa nimeshaingia miaka mingi kazini, si kwamba nilikuwa mgeni.

Wala si kwamba sikuwa nimeonywa. Kabla ya hapo niliwahi kununua viatu vya mpira vya wanaofagia soko. Nilimuuliza msimamizi wao, maana ndiye aliyekuwa na simu, na yeye akanitajia nambari ya mguu wake. Wanaofagia wote ni wanawake. Msimu wa mvua ulipokuja nikawaona wamejaza matambara ndani ya viatu, wanakwenda wakiyumba kama bata, na kila niliyemuuliza akaniambia vinawasitiri. Nilicheka siku hiyo. Nilipokusimulia ulicheka nawe, nadhani ulikuwa kidato cha pili. Ningekuwa nimekasirika badala ya kucheka, huenda viti visingetokea.

Basi viti vikaja. Kwa macho vilikuwa vizuri, vinang'aa kila mahali, magurudumu membamba na yale ya mbele madogo kabisa. Viti vya kusukumwa juu ya sakafu ya hospitali. Pakafanywa sherehe, wakubwa wakahutubu, vikapigwa vigelegele. Vigelegele vile navyo viliandikwa kwenye ripoti kuwa ni dalili ya watumiaji kuridhika, na aliyeandika ni mimi mamako.

Kiti kimoja kikaja humu ndani, kwa nyanyako. Sikumwandikisha mimi, wanaosema maneno waache. Mzee wa mtaa ndiye aliyepeleka jina lake tangu magoti yalipomshinda. Lakini siku ile nilijiona. Nilimkalisha kitini mimi mwenyewe, nikamwekea mto mgongoni, jirani wakaja kutazama, na mama akawaambia, "Hiki kaniletea mwanangu." Nikamuuliza, "Kiti vipi, mama?" Akanijibu, "Kizuri, mwanangu. Mungu akuzidishie." Nikalala usingizi mzuri.

Unakumbuka alivyobadilika baada ya hapo. Nyanyako, mtu asiyekosa arusi, asiyekosa hitima, aliyekuwa akijikongoja na fimbo mpaka mtaa wa pili kwenda kusikiliza nani kaachwa na nani kaolewa, akaanza kusema amechoka na watu. Watu siku hizi hawana adabu. Arusi za siku hizi ni makelele. Kiti chake kikawa barazani, kimetandikwa leso, akiketi hapo wageni wakija na akitolewa hapo wageni wakiondoka. Wewe ulimtania kwamba amekuwa malkia, mpaka aombwe ndipo aonekane. Babako akasema ni uzee, wazee hupenda kutulia. Nami nilimuuliza tena na tena, "Kiti kinakufaa?" naye hakubadilisha hata herufi moja. Kizuri, mwanangu, Mungu akuzidishie. Nikaamini, kwa sababu ndivyo nilivyotaka kuamini.

Kutoka mlango wetu mpaka barabarani ni mchanga mtupu. Mimi naukanyaga kila siku. Unaingia kwenye viatu vyangu kila siku, naukung'uta kila siku pale kwenye ngazi, na siku nilipokuwa na ile picha mkononi haukunijia akilini hata chembe moja.

Kisha akafa Bi Khadija, aliyecheza na nyanyako tangu wadogo, waliotobolewa masikio siku moja. Wewe ulikuwa chuoni, tulikwambia tu kwamba nyanya alishikwa na kizunguzungu asiweze kwenda matangani. Hakikuwa kizunguzungu. Alivaa kimatanga, akajifunga leso mbili, akasema leo nakwenda, nisukumeni. Tukamteremsha ngazi tukamsukuma. Hatukufika hata kwenye mnazi wa jirani. Magurudumu ya mbele yakazama, mimi kwa pupa nikasukuma kwa nguvu, na kiti kikamwinamisha kikamtupa kifudifudi, mbele ya wanawake waliokuwa wakipita kwenda msibani. Buibui likampanda mapajani. Mama yangu, Rukia, ambaye hata mimi sijawahi kuyaona mapaja yake.

Wanawake wakamkimbilia wakamsitiri, wakasema tumbebe twende naye. Akakataa. Akasema nirudisheni nyumbani. Mchanga ulikuwa umemjaa mdomoni, nikawa namfuta kwa mtandio wangu huku nikimwambia, "Nisamehe mama, hiki kiti hakifai, nisamehe." Akanishika mkono. Unajua alisema nini? "Kiti hakina kosa, mwanangu. Mchanga ndio mlaini."

Nilimkasirikia. Niseme kweli, nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Bi Khadija alizikwa, matanga yakaanuliwa, mama yuko kitandani anatazama ukuta, na bado ananitunzia heshima yangu kana kwamba mimi ni mgeni aliyeleta wali ulioungua. Ningependa angenitukana.

Ndipo nikaanza kuwazungukia waliopewa viti, kila Jumamosi, kwa bodaboda, bila gari la ofisi. Mlidhani nakwenda kwenye vyama vya kina mama, na babako akadhani mengine, akanuna, mpaka nilipomchukua siku moja akaone mwenyewe. Marereni nilimkuta mtu aliyefanya kazi ya chumvi mpaka mguu ukakatwa. Kiti chake kimeliwa na kutu, kimekuwa cha kuwekea madumu ya maji. Nikamuuliza kiti vipi, akasema kizuri. Anakitazama, mimi nakitazama, dumu liko juu yake, na ananiambia kizuri. Yuko mmoja tu aliyefaidi kweli, anayeuza maji ya madafu karibu na mahoteli, kwenye njia iliyotiwa matofali. Huyo aliposema kizuri, alikiendesha nikaona.

Jilore nilimkuta mwanamke anaitwa Kadzo. Anauza mboga, miguu yake ilipooza alipozaa mtoto wa mwisho. Naye akasema kizuri. Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Niliketi kwenye gogo nikamsaidia kuchambua mchicha. Tukachambua, tukasema mengine, mume wake, mvua, mbuzi waliokula mahindi. Jua lilipopanda nikamwambia, "Kadzo, nataka kujisaidia, nionyeshe choo, twende sote." Akanitazama. Akatambaa kwa mikono. Kiti kiko pale chini ya kibanda, kimefunikwa gunia kisishike vumbi, yeye anatambaa mbele yangu kwenda kunionyesha choo. Tuliporudi nikamuuliza mbona amesema kizuri. Akasema, "Mama, nikisema kibaya, mwakani mwaandika majina tena, langu halitakuwamo."

Mimi nilikuwa nimedhani yote ni adabu. Kumbe nyuma ya adabu kuna woga, na huo woga tumeuleta sisi wa ofisini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini maiti naye akijua kwamba akisema atanyimwa sanda, atanyamaza.

Sikufundishi kazi, mwanangu, chuo kimekufundisha. Nakueleza tu nilivyopata ukweli kidogo nilioupata. Niliacha kuuliza kitu kikoje, nikawa nauliza asubuhi umeamkaje, umekwenda wapi, nani kakusaidia kupanda. Nikawa nakwenda nao wanakokwenda. Na mkubwa wa mtu akiwapo, sikuuliza chochote, nilikunywa chai yangu nikarudi siku nyingine. Wala usidhani mtumiaji ni malaika. Aliwahi kunijia mtu wa wodi moja akisisitiza magodoro ya duka fulani, kwamba wagonjwa hawalali vizuri bila hayo, nikampenda kwa kuwajali wagonjwa, kumbe duka ni la shemeji yake. Kwa hiyo hata anayeongea sana nilijifunza kwenda kulala kwenye godoro lake kwanza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi katika kazi hii twanunua vitanda maisha yetu yote na tunalala kwetu.

Sasa nije kwenye leo.

Mwaka huu fungu limetoka tena, viti tena. Nikaenda kwa mkuu wetu mapema, kabla watu hawajaanza kukimbizana na mwisho wa mwaka wa fedha. Nikamwambia nataka magurudumu mapana, nataka kila mzabuni alete sampuli, na sampuli isukumwe mchangani na mtu amekaa juu yake. Na nataka watumiaji watatu wakae kwenye kamati ya kuamua vipimo, wakae mezani kama sisi, wasiwe wa kupigwa picha. Alinisikiliza. Si mtu mbaya, nawe ukifika kazini utaona kwamba wengi si watu wabaya, na hilo ndilo linalochosha. Angekuwa mwizi ningejua la kufanya. Akasema, "Bi Zainabu, sampuli zitatuchelewesha. Na watatu ni wengi, lete mmoja."

Nikamleta Kadzo. Ilinichukua Jumamosi mbili kumshawishi, nikamwapia kwamba jina lake halitaguswa. Leo ameondoka Jilore alfajiri, amebebwa kwa bodaboda, akapakiwa matatu, amevaa dera lake jipya, amefika Kilifi kabla yangu. Kikao kiko wapi? Ghorofa ya pili. Lifti hakuna. Kikao cha kuamua viti vya watu wasioweza kutembea, Rukia, kimeitwa juu ya ngazi, na hakuna mtu aliyeliona hilo, na miongoni mwa wasioliona ni mimi, niliyeipokea ile barua ya mwaliko nikaisoma nikaiweka mkobani. Baada ya yote niliyokueleza. Ningeweza kujipiga makofi.

Askari wawili wakajitolea kumbeba. Akasema, "Nimevaa dera, sitabebwa na wanaume mbele za watu." Nami nikakumbuka buibui la mama, sikumlazimisha. Nikapanda juu nikawaomba wenzangu tushuke, tukae pale uani kwenye kivuli, viti vya plastiki vipo. Mkuu akasema wageni wametoka mbali, mashine ya kuonyeshea picha iko juu, na uani kuna kelele. Badala yake akatumwa karani ashuke amuulize Kadzo kama ana maoni. Karani akarudi upesi. Kadzo amesema, "Nyinyi ndio mwajua." Likaandikwa kwamba mwakilishi wa watumiaji ameshirikishwa na hana pingamizi. Wakapitisha vipimo vilevile vya mwaka juzi.

Niliposhuka nilimfokea, niseme ukweli. Nikamwambia Kadzo, wewe umeniambia mwenyewe, umetambaa mbele yangu, leo umeulizwa wasema nyinyi ndio mwajua? Akanijibu taratibu, "Mama, alikuja na kalamu, amesimama, atazama saa. Nimwambie nini?" Kisha akaniuliza kama jina lake bado limo. Nikamnunulia chai na mkate wa mayai, nikampakia matatu, nikapanda ngazi tena.

Juu wakaniletea karatasi nitie sahihi. Bila sahihi yangu haiendi mbele. Nikasema sitii. Mkuu akacheka kwanza, akadhani ni mzaha. Akasema, "Bi Zainabu, mchagua jembe si mkulima." Wenzangu wakacheka. Nikamwambia, "Mkulima hajalichagua, mkuu. Tumelichagua sisi, na hakuna kati yetu anayelima." Hawakucheka. Akaniambia nina mpaka Jumatatu. Nisipotia, kazi hii atapewa mwenzangu, na mwenzangu atatia kabla ya chai ya saa nne.

Kwa hiyo sina ushindi wa kukuhadithia, mwanangu. Jumatatu nitakwenda na msimamo wangu, na Jumanne pengine viti vitaagizwa bila mimi, vije ving'ae, vipigiwe vigelegele, vizame. Nitaandika malalamiko, nitaambiwa nimechelewa. Sijui. Nimechoka kubishana na watu wema. Nilitaka uende Kitale ukiniona nimeshinda angalau mara moja, lakini safari yako imefika kabla.

Nimerudi, nimetupa viatu, nimekudanganya kuhusu jua, wewe ukatoka kwenda kuaga. Nikaenda chumbani kwa nyanyako nikaketi kwenye mkeka. Alikuwa akikushonea kofia ya sufu ya Kitale, amekosea masikio. Sikumuuliza habari ya kiti. Nikamuuliza tu, "Mama, leo ungekuwa na miguu yako, ungependa kwenda wapi?"

Akaendelea kushona. Akasema, "Leo hakuna. Kesho, steji."

Nikamwambia, "Si umemwambia mtoto hupendi kuaga watu steji ya mabasi? Kwamba makelele yakuumiza kichwa, muagane humu chumbani?"

Ndivyo alivyokwambia juzi, nami nilikuwapo, nawe ukaitikia sawa nyanya. Akaweka sindano chini. Akasema, "Ningemwambia nini, mwanangu? Kiti si kimeletwa na mamake."

Mwone nyanyako, Rukia. Ameketi na uongo wake mdomoni miaka miwili, amekosa arusi, amekosa matanga ya Bi Khadija, na kesho alikuwa yuko tayari kukukosa wewe, mjukuu aliyemlea, ili mtoto asije akaona kwamba kiti cha mamake hakisogei. Nami kwa miaka yote miwili nilikuwa chumba cha pili, na nilimuuliza karibu kila siku.

Sikutia sahihi leo kwa sababu ya Kadzo. Jumatatu sitatia kwa sababu ya hili, na wakifanya watakavyo wafanye.

Sasa jambo la kesho. Nimekwenda kwa jirani, yule anayechota maji, nikamwomba mkokoteni wake. Una matairi ya gari, haujali mchanga. Atakuja baada ya sala ya alfajiri. Tutautandika godoro, nyanyako atakaa juu yake mbele ya mtaa mzima, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya msiba, na amekubali kwa shingo upande. Nimemwahidi kwamba hutacheka. Hutalia pia, maana ukilia atasema ameharibu safari yako na ataomba arudishwe.

Wewe panda ukae naye. Mabegi tutabeba mimi na babako. Njiani muulize kama ameketi vizuri, naye atakwambia vizuri, mjukuu wangu. Usimjibu. Tazama mikono yake imeshika wapi, na kama imeshika ubao, msogelee aushike mkono wako.

Mamako,
Zainabu